Kifua Kikuu na Seli T: Ngao Inayolinda na Kubomoa



Ndugu na dada zangu wa jumuiya, somo la toleo hili ni la afya. Wengi wetu tunaijua TB kwa sura yake ya nje: kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda bila sababu, na wakati mwingine damu kwenye makohozi. Leo, inshallah, tutaingia ndani ya mwili tuone kinachotokea kati ya bakteria wa TB na seli za kinga zinazoitwa seli T.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya tiba, mzaliwa wa Nabuyoga, wilaya ya Tororo. Kila nikirudi nyumbani likizo, watu wananiuliza maswali matatu yaleyale:

1. Watu wawili wamelala nyumba moja na mgonjwa wa TB. Kwa nini mmoja anaugua na mwingine haugui?
2. Kwa nini mwenye VVU anaugua TB haraka, na mara nyingine vipimo vinasema hana?
3. Kwa nini mgonjwa anapata nafuu baada ya miezi 2, kisha anaambiwa aendelee na dawa hadi miezi 6?

Majibu yote matatu yanapitia kwenye seli T. Anayesoma sheria, biashara au ualimu asiogope. Nitakwenda hatua kwa hatua, na mwisho kuna maswali ya kujadili katika halaka.

Kwa nini jambo hili ni letu

Uganda, Kenya na Tanzania zote zilikuwemo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Sisi wa Busia na Tororo tuko juu ya njia kuu. Malori yanayotoka Mombasa kwenda Kampala na mbele zaidi hupita Malaba na Busia. Madereva hulala foleni, wachuuzi huvuka mpaka kutwa, na wageni hulala vyumba vidogo vya kukodi vyenye dirisha moja, nalo limefungwa kwa kuogopa wezi na mbu. Bakteria wa TB husafiri kwa hewa, hana haja ya kugonga muhuri mpakani.

Mwaka 2023 peke yake, watu wapatao milioni 10.8 waliugua TB duniani, na milioni 1.25 walifariki. Lakini iko hesabu nyingine ya kushangaza zaidi. Inakadiriwa kuwa robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa bakteria huyu. Kati ya walioambukizwa, ni 5 hadi 10 tu kwa kila 100 watakaougua maishani mwao. Hao 90 na zaidi nani anawalinda?

Seli T ni nini

Seli T huzaliwa kwenye uboho wa mifupa, kisha huenda kusomeshwa kwenye tezi ya thaimasi, iliyo kifuani juu ya moyo. Herufi T imetoka kwenye jina la tezi hiyo. Mtihani wa huko ni mgumu, na seli nyingi hazifaulu. Seli isiyoweza kutambua kitu hufa. Seli inayotaka kushambulia mwili wenyewe nayo huondolewa. Chache zinazobaki hutoka zikiwa kila moja na kipokezi chake, kama ufunguo uliochongwa kwa kufuli moja.

Kwa somo letu tushike makundi mawili. Kundi la CD4 ni seli saidizi: huamsha na kuelekeza seli nyingine za kinga. Kundi la CD8 huua seli ya mwili iliyokwisha kuingiliwa na adui.

Na tushike jambo moja ambalo wengi hulikosa: seli T haimwoni bakteria mzima. Huona kipande kidogo cha protini yake, kinachoitwa antijeni, baada ya seli nyingine kukiweka juu ya ngozi yake na kukionyesha. Asipokuwepo wa kuonyesha, seli T hupita kando ya adui bila kumjua.

Wiki za mwanzo: bakteria anashinda kwa kuchelewesha

Mgonjwa anapokohoa, matone madogo sana hubaki yakielea hewani. Ukiyavuta, hufika kwenye vifuko vya hewa ndani ya pafu. Huko hupokewa na seli kubwa za kumeza ziitwazo makrofeji. Kwa kawaida makrofeji humeza bakteria, humfungia katika kifuko, kisha hukiunganisha kifuko hicho na kingine chenye tindikali na vimeng'enya vya kuyeyusha. Mambo huishia hapo.

Bakteria wa TB huzuia muungano huo. Hukaa ndani ya makrofeji, mahali alipopelekwa akafie, na kupafanya nyumbani kwake. Hana haraka. Bakteria wengi wa tumboni wanaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, lakini huyu hugawanyika karibu mara moja kwa siku.

Wakati huohuo, zipo seli zenye kazi ya kuchukua antijeni kutoka kwenye pafu na kuzipeleka kwenye tezi za limfu, ambako seli T hungoja. Bakteria huchelewesha safari hiyo pia. Ndiyo maana mtu aliyeambukizwa leo, kipimo chake cha ngozi hubadilika baada ya wiki 2 hadi 8. Kipimo hicho hupima kumbukumbu ya seli T: unadungwa protini za bakteria chini ya ngozi ya mkono, na baada ya saa 48 hadi 72 seli T zinazozijua huwa zimekusanyika na kuvimbisha mahali hapo. Hadi hapo bakteria amekwisha kuongezeka kwa wiki kadhaa bila mwenye nyumba kujua.

Seli T zinapofika

Zikifika kwenye pafu, seli CD4 hukutana na makrofeji zinazoonyesha antijeni na kutoa kemikali iitwayo intaferoni gama. Kemikali hii huamsha makrofeji, sasa ikaweza kumtesa bakteria iliyekuwa ikimhifadhi. Kemikali nyingine, TNF, husaidia kukusanya seli na kuziweka pamoja. Seli CD8 nazo hutoboa na kuua makrofeji zilizozidiwa.

Matokeo yake ni uvimbe mdogo uitwao granuloma. Uwaze kama boma la ng'ombe. Katikati wamo bakteria na makrofeji zilizowameza, na pembeni pamezungukwa na ukuta wa seli T na seli nyingine. Kwa watu wengi boma hilo hushika kwa miaka, au maisha yote. Mtu hana kikohozi, haambukizi mtu, na wala hajui kuwa ana kitu.

Tunajuaje kuwa ni kemikali hizi zinazolinda? Wapo watoto wachache waliozaliwa na kasoro kwenye kipokezi cha intaferoni gama. Watoto hao wanaweza kuugua vibaya hata kwa chanjo ya BCG, ambayo ni bakteria aliyedhoofishwa. Na mwaka 2001 madaktari waliripoti kuwa wagonjwa wa baridi yabisi waliopewa dawa ya kuzuia TNF walianza kuugua TB iliyokuwa imelala. Boma lilifunguliwa kwa dawa.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali la kwanza. Wawili waliolala nyumba moja hawakuvuta bakteria idadi sawa, na seli T zao hazikuwa katika hali moja. Njaa, kisukari, VVU, pombe nyingi na umri mdogo sana hudhoofisha boma.

Kampala kuna jambo la ziada. Watafiti wa Uganda na Marekani wamefuatilia kwa miaka mingi watu wanaoishi na wagonjwa wa TB. Walikuta watu walioishi karibu kabisa na mgonjwa, na bado vipimo vyao vya ngozi na damu vikabaki hasi mwaka baada ya mwaka. Ungedhani bakteria hakuwafikia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa seli T zao zilizitambua antijeni za TB vizuri, ila zilijibu bila kutoa ile intaferoni gama ambayo vipimo huitafuta. Kumbe mwili una njia zaidi ya moja, na baadhi ya njia hizo zimeanza kueleweka kwa damu ya Waganda.

TB inavyozidhoofisha seli T zenyewe

Tukiishia kwenye boma, tutadhani vita vimekwisha. Bakteria anazo mbinu nne za kuzifanyia seli T, ukiacha kule kuchelewesha.

*Kubadilisha sura.* Mwanzoni hutoa kwa wingi protini iitwayo Ag85B, na mwili hutengeneza seli T nyingi za kuitambua. Baadaye hupunguza kuitoa. Seli zile zipo tele, lakini hazioni cha kushambulia.

*Kuchosha.* Protini nyingine, kama ESAT-6, huendelea kutolewa muda wote. Seli T zinazoitambua hupigiwa kengele usiku na mchana, hadi nguvu yake ya kugawanyika na kutoa kemikali hupungua. Wataalamu huita hali hiyo uchovu wa seli T.

*Kukanyaga breki.* Mwili una seli T za kutuliza, kazi yake ni kuzuia kinga isizidi kipimo. Kwenye TB seli hizi huongezeka, na pamoja nazo kemikali za kutuliza. Breki hiyo hulinda pafu, na bakteria hufaidika nayo.

*Kuziweka mbali.* Ndani ya granuloma seli T nyingi hubaki pembeni. Ni chache zinazofika katikati na kugusana na makrofeji yenye bakteria. Na tumekwisha kusema kuwa bila kugusana hakuna kutambua.

Kwa mgonjwa aliyezidiwa, hata idadi ya CD4 kwenye damu inaweza kushuka ingawa hana VVU, kisha ikapanda anapotibiwa. Kipimo cha ngozi nacho chaweza kuwa hasi kwa mtu mwenye TB kali. Kwa hiyo kipimo hasi si kibali cha kupuuza kikohozi.

Ngao inapobomoa

Sehemu hii ndiyo ilinishangaza zaidi darasani. Matundu yanayotokea kwenye mapafu ya mgonjwa wa TB, kwa sehemu kubwa, hayachimbwi na bakteria peke yake. Yanachimbwa na uvimbe wa kinga ya mwili, unaoongozwa na seli T. Na ni kupitia tundu hilo, likifunguka kwenye njia ya hewa, ndipo bakteria hutoka kwa kikohozi na kumfuata mtu mwingine.

Virusi vya mafua na VVU hubadilisha sehemu zinazotambuliwa na kinga ili visikamatwe. Mwaka 2010 watafiti walilinganisha bakteria wa TB kutoka sehemu mbalimbali za dunia, wakakuta kinyume chake: sehemu zinazotambuliwa na seli T hazibadiliki karibu hata kidogo. Hiyo inaashiria kuwa bakteria huyu hapati hasara kwa kutambuliwa, na huenda anafaidika. Anahitaji seli T zifike na kuvimbisha, ili apate mlango wa kutokea.

Kwa hiyo tukiuliza "kinga kali au kinga dhaifu?" tumeuliza vibaya. Kinga inayosaidia ni ile yenye kiasi. Wenzetu wanaouza dawa za "kuongeza kinga" sokoni na kwenye mabasi hawajui wanachoongeza.

VVU na TB: pigo lilipo kubwa

Sasa swali la pili. VVU huingia na kuua seli CD4, na hazipungui zote kwa mpango mmoja. Utafiti uliofanyika Mbeya, Tanzania, uliochapishwa 2008 na 2010, ulionyesha kuwa seli CD4 zinazoitambua TB ni miongoni mwa zinazopotea mapema baada ya maambukizi ya VVU. Hivyo mtu anaweza kujisikia mzima, na idadi ya CD4 bado ni ya kuridhisha, lakini walinzi wa boma hasa wamekwisha kuondoka.

Seli T zikipungua sana, uvimbe nao hupungua. Matundu huwa machache, makohozi huwa na bakteria wachache, na darubini haioni kitu. TB ipo, tena imesambaa mwilini, lakini picha ya kifua haina sura tuliyoizoea. Ndiyo maana kipimo cha GeneXpert, kinachotafuta vinasaba vya bakteria, na kile cha mkojo kwa wenye VVU waliozidiwa, vimeokoa watu wengi.

Kampala ilitoa somo lingine mwaka 1997, katika jaribio lililohusisha zaidi ya watu wazima 2,700 wenye VVU. Waliokuwa na kipimo cha ngozi chanya walipopewa isoniazidi kwa miezi 6, TB ilipungua kwa kiasi cha theluthi mbili. Wale ambao ngozi yao haikujibu kitu chochote, yaani seli T zao zilikuwa zimenyamaza, faida yao haikuonekana wazi.

Na Tororo? Kuanzia 2003, mradi wa utunzaji wa nyumbani uliofanyika pamoja na TASO uliwafikia wenye VVU wa vijiji vya Tororo na Busia. Wahudumu walipeleka dawa za ARV majumbani kwa pikipiki kila wiki na kuuliza dalili, zikiwemo za TB. ARV huzirudisha seli CD4, na seli zikirudi, boma hujengwa upya.

Tahadhari moja. Seli T zinaporudi ghafla na kumkuta bakteria, zinaweza kuvimbisha kwa nguvu. Mgonjwa aliyeanza ARV hurudiwa na homa, au tezi zake zikavimba. Wapo wanaosema "dawa zinamuua" na kuacha. Arudi kliniki haraka, asiache dawa mwenyewe.

Miezi 2 na miezi 6

Baba yangu mdogo ni dereva wa lori. Alipougua, kikohozi kilikoma wiki ya sita, uzito ukarudi, akasema amepona, akarudi barabarani bila vidonge. Mwaka haukwisha kabla ya kukohoa tena, na safari hii watoto wawili wa nyumba ile walikuwa wameambukizwa.

Kwa somo la leo tunaweza kueleza kilichotokea. Dawa za miezi 2 ya mwanzo huua bakteria wengi wanaogawanyika. Antijeni hupungua, seli T hutulia, uvimbe hushuka. Homa, jasho na kukonda vilikuwa kwa sehemu kubwa sauti ya vita hivyo, kwa hiyo vita vikipoa mtu hujisikia mzima. Lakini bakteria wachache waliolala ndani ya granuloma bado wapo, na seli T zilizochoka haziwezi kuwamaliza peke yake. Nafuu inatuambia uvimbe umeshuka. Haituambii bakteria wameisha.

Tujue pia kuwa miezi 6 ni punguzo kubwa. Zamani tiba ilichukua miezi 18. Majaribio yaliyofanyika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yaliyoanza kutoa matokeo 1972, yalionyesha kuwa kuongeza rifampisini au pirazinamidi kunafanya miezi 6 itoshe. Dozi inayotumika duniani imesimama juu ya uvumilivu wa wagonjwa wa kwetu.

Wengi wameniuliza kuhusu Ramadhani. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku zake baadaye akipona. Anayetaka kufunga amuulize daktari kwanza. Dozi ya kawaida ni mara moja kwa siku, hivyo daktari akiridhia, saa yake yaweza kupangwa usiku. Kuruka dozi ndiko kusikoruhusiwa. Na mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa, usishtuke, hiyo ni rangi ya rifampisini.

Chanjo

BCG, iliyoanza kutumika 1921, huzipa seli T za mtoto mazoezi ya mapema. Inamkinga vizuri dhidi ya TB ya ubongo na ile inayosambaa mwilini, lakini kinga ya mapafu ya mtu mzima haitegemeki. Kovu la mkononi halitoshi kuwa sababu ya kutopima.

Chanjo mpya iitwayo M72 ilijaribiwa kwa zaidi ya watu 3,500 walioambukizwa bila kuugua, katika Kenya, Afrika Kusini na Zambia. Baada ya miaka 3 ilipunguza kuugua kwa karibu nusu. Jaribio kubwa la hatua ya mwisho lilianza 2024.

Tufanye nini hosteli na msikitini

- Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda ukapime. Kwenye vituo vya serikali kipimo na dawa za TB ni bure.
- Fungueni madirisha ya vyumba na ya msikiti, hasa wakati wa darsa na tarawehe.
- TB haiambukizi kwa sinia moja ya futari, kwa kupeana mkono, wala kwa mkeka wa kuswalia. Inaambukiza kwa hewa. Usimtenge nduguyo akala peke yake.
- Aliyeanza dawa sahihi hupunguza kuambukiza haraka. Mwulize kila siku kama amemeza, na umsaidie nauli ya kliniki ukiweza.
- Mwenye VVU, au anayeishi na mgonjwa wa TB, aulize kituoni kuhusu dawa za kuzuia.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini seli T haiwezi kumtambua bakteria aliyejificha bila msaada wa seli nyingine?
2. Eleza kwa maneno yako mbinu mbili za TB za kuzidhoofisha seli T.
3. Mwenzako ana VVU na kikohozi, na darubini imesema hana TB. Utamshauri nini, na kwa nini?
4. Utamwelezaje dereva anayetaka kuacha dawa mwezi wa pili kwa sababu amepona?

Swali la nne lijadilini kwa Kiluganda, Kisamia, Kiteso au Dhopadhola, kwa sababu huko ndiko mtakakolijibu kweli.